Kazi Zilizogawiwa Langoni: Sera ya Ajira Tunisia tangu 2011

Mohamed Bouazizi hakuwa mhitimu wa chuo kikuu. Vyombo vingi vya habari vya nje vilimwandika hivyo mwanzoni mwa 2011, na wapo wanaorudia hadi leo, lakini kijana yule hakumaliza hata sekondari. Alikuwa mchuuzi wa matunda na mboga mjini Sidi Bouzid, na mali yake ilikamatwa na watu wa manispaa. Tarehe 17 Desemba 2010 alijichoma moto mbele ya ofisi ya mkoa. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye Rais Zine El Abidine Ben Ali, aliyeitawala Tunisia kwa miaka 23, alikimbilia Saudi Arabia.

Naanza na yeye kwa sababu serikali zilizofuata ziliahidi kazi, tena zilitoa nyingi kweli, lakini karibu zote zilimlenga mtu mwingine: mhitimu mwenye cheti aliyejiandikisha ofisi ya ajira, au kikundi chenye uwezo wa kufunga njia. Mchuuzi hakuwamo kwenye orodha yoyote. Makosa mengi nitakayoyaeleza yanatoka hapo. Kazi ilikwenda kwa aliyesimama langoni akapiga kelele, na kanuni ziliandikwa baada ya kelele hizo.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka 2010 kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 13. Kufikia mwisho wa 2011 kilikuwa kimepita 18. Watalii walikimbia, viwanda kadhaa vilifungwa au kupunguza zamu, na vita vya Libya viliwarudisha nyumbani maelfu kwa maelfu ya Watunisia waliokuwa wakifanya kazi Tripoli na kwingineko. Lakini chini ya mshtuko huo kulikuwa na tatizo la zamani zaidi. Tangu sheria ya mwaka 1972 iliyowapa wawekezaji wa bidhaa za kuuza nje misamaha ya kodi, viwanda vilijikusanya pwani, karibu na bandari: Tunis, Sousse, Monastir, Sfax. Vilishona nguo na kufunga nyaya za magari kwa soko la Ulaya, kazi zinazohitaji mikono mingi kwa mshahara mdogo. Wakati huohuo vyuo vikuu vilipanuliwa kwa kasi. Nchi ikawa inazalisha wahitimu ambao uchumi wake hauna pa kuwaweka, na mikoa ya ndani, yaani Sidi Bouzid, Kasserine, Gafsa na Tataouine, ikabaki inatoa ngano, maji, fosfeti (madini ya kutengenezea mbolea) na mafuta bila viwanda vya kuajiri watoto wake. Wanawake waliumia zaidi. Kwa upande wa wahitimu, kiwango chao cha kukosa kazi kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wanaume, na pengo hilo halijazibwa.

Dawa ya kwanza iliitwa Amal, yaani tumaini. Ilianza mapema 2011: mhitimu anayetafuta kazi kwa mara ya kwanza alipewa dinari 200 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 12, pamoja na huduma ya afya. Kwa maandishi, fedha hizo ziliambatana na masharti ya mafunzo, ushauri wa kazi na kujitolea. Kwa vitendo, ofisi za wakala wa taifa wa ajira zilifurikwa na watu kuliko uwezo wa washauri waliokuwepo. Mshauri mwenye mafaili mamia kwa mamia hawezi kumfuatilia mtu. Anachoweza ni kuthibitisha jina ili malipo yatoke. Mafunzo yakaanguka, posho ikabaki. Mwaka 2012 mpango ukafungwa na kubadilishwa kwa masharti makali zaidi, na waliokuwa wakipokea wakahisi wamenyang'anywa haki.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo wapangaji hulidharau. Posho ya mtafuta kazi inahitaji vitu vitatu kabla ya dinari ya kwanza kulipwa: idadi ya washauri inayolingana na idadi ya walengwa, tarehe ya mwisho inayojulikana na kila mtu tangu mwanzo, na njia ya kumtambua anayefanya kazi kisirisiri bila mkataba. Ukikosa cha kwanza, hakuna mafunzo. Ukikosa cha pili, siku ya kufunga mpango inakuwa siku ya maandamano. Ukikosa cha tatu, mwajiri mjanja anampa mhitimu kazi bila kumsajili, maana wote wawili wanafaidika posho ikiendelea. Tunisia ilikosa vyote vitatu kwa kuwa fedha zilitangulia na ofisi zikafuata.

Dawa ya pili ilikuwa serikali yenyewe kuajiri. Sheria ya Juni 2012 ilifungua mlango wa ajira za kipekee katika utumishi wa umma kwa walionufaika na msamaha wa kisiasa wa Februari 2011 na kwa familia za waliouawa au kujeruhiwa katika mapinduzi. Kimaadili nia ilikuwa safi: watu waliofungwa na kuharibiwa maisha walistahili fidia. Kosa lilikuwa kuilipa fidia hiyo kwa cheo. Mtu aliyetoka gerezani akiwa na miaka 45, bila uzoefu wa kazi ya ofisi kwa miongo miwili, aliwekwa kwenye dawati ambalo halikumhitaji, na mwenzake aliyepita kwenye mtihani akamtazama kwa kinyongo. Fidia ingelipwa kama fidia, kwa fedha, matibabu na pensheni, isingeharibu kanuni ya mashindano ya kazi. Kilichofuata ni kila kundi kuuliza, kwa haki kabisa: na sisi je?

Vibarua wa miradi ya umma nao walidai kusajiliwa, na wafanyakazi waliokuwa wakikodishwa kwa taasisi za umma kupitia kampuni za uwakala, hasa wafagizi na walinzi, walipewa ahadi ya kuingizwa moja kwa moja. Hawa wa mwisho walikuwa na hoja nzito, nami naiunga mkono bila kusita: mtu aliyefagia hospitali ileile miaka kumi kwa mshahara wa wakala ni mfanyakazi wa hospitali hiyo, na kumkana ni dhuluma. Lakini yote yalipojumlishwa, watumishi wa umma waliokuwa takriban 435,000 mwaka 2010 walipita 600,000 katikati ya muongo. Mishahara yao, iliyokuwa karibu asilimia 11 ya pato la taifa, ilifika asilimia 17 na kitu kufikia 2020. Fedha za barabara, maji na reli kwa mikoa ya ndani ndizo zilizoliwa, yaani zile ambazo zingemvuta mwekezaji hadi Kasserine. Mwaka 2013 na tena 2016 nchi ilikopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sharti lililorudi kila mara lilikuwa kubana mishahara ya umma. Muungano mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, UGTT, ulijibu kwa migomo ya jumla Novemba 2018 na Januari 2019.

Bonde la migodi la Gafsa linahitaji nafasi yake, kwa kuwa kila kilichoharibika Tunisia kilionekana huko mapema. Miji ya Redeyef, Moularès, Metlaoui na Mdhila iliishi kwa kampuni ya umma ya fosfeti. Karibu na 1980 kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 14,000. Baada ya mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980 ilipunguza watu mwaka baada ya mwaka, hadi ikabaki na takriban 5,000. Mwajiri mwingine hakuwepo. Tarehe 5 Januari 2008 kampuni ilitangaza matokeo ya usaili wa nafasi zisizofika 400, na waombaji walikuwa wengi mara kadhaa ya hizo. Watu wakasoma majina, wakayajua: jamaa wa wakubwa, jamaa wa viongozi wa chama cha wafanyakazi cha mkoa. Uasi uliofuata ulidumu miezi sita, ukazimwa kwa risasi na vifungo. Wengi wanauona leo kama mazoezi ya mapinduzi yaliyokuja miaka mitatu baadaye.

Tuangalie orodha ile kama fundi anavyoangalia mashine iliyoungua. Ilitoa majina bila alama, kwa hiyo aliyekosa hakujua alikosa kwa lipi. Vigezo havikuchapishwa kabla ya maombi. Nafasi fulani zilitengwa kwa makubaliano kati ya kampuni na chama, na makubaliano hayo hayakubandikwa ukutani. Hapakuwa na dirisha la rufaa wala mtu wa nje wa kuipokea. Katika mji wenye mwajiri mmoja, orodha ya namna hiyo humwambia kijana kama ataoa, kama atajenga, kama atabaki. Kuificha ni kuwasha moto.

Baada ya 2011 kampuni iliajiri tena, kwa maelfu. Vigezo vya kijamii viliongezwa: umri, hali ya ndoa, familia isiyo na mwajiriwa, miaka ya kukaa bila kazi. Vinaonekana vya haki, na kwa sehemu ni vya haki, lakini ugumu wake ni uthibitisho. Cheti cha ndoa kinapatikana kwa wiki moja. Makazi yanaandikwa kwa shangazi. Miaka ya kukaa bila kazi inathibitishwa na daftari la hifadhi ya jamii, ambalo halimwoni aliyefanya kazi bila kusajiliwa. Kila tangazo la matokeo likazaa kambi mpya ya waliokosa, na waliokosa waligundua udhaifu wa kampuni: fosfeti husafiri kwa reli moja kutoka mgodini hadi viwanda vya kemikali vya Sfax na Gabès. Watu ishirini na hema moja juu ya reli wanatosha.

Uzalishaji uliokuwa tani milioni 8 mwaka 2010 uliporomoka hadi takriban milioni 2.5 mwaka 2011, na kwa zaidi ya muongo haukukaribia ulipokuwa. Treni zikisimama, malori yalichukua nafasi yake, kwa gharama kubwa zaidi kwa tani, na wenye malori wakawa kundi jipya lisilo na haraka ya kuona reli ikifunguliwa. Ili kutuliza miji, kampuni ililipia pia zile zilizoitwa kampuni za mazingira na upandaji miti. Maelfu ya watu waliandikishwa humo na kulipwa kila mwezi. Wachache walipewa majembe, miche na msimamizi. Wengi walibaki na mshahara bila kazi. Mtu anayelipwa na hafanyi kitu hapati ujuzi wa kumpeleka kwa mwajiri mwingine, hapandi daraja, na anajua kwamba malipo yake yanategemea woga wa serikali; siku woga ukiisha yamekwisha. Kijana aliyeingia humo akiwa na miaka 25 sasa yuko katikati ya maisha, na karatasi yake ya uzoefu ni tupu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hasara yote ya fosfeti.

Mfumo huohuo ulihamia kusini, Tataouine, kwenye mafuta na gesi. Aprili 2017 vijana walipiga kambi El Kamour jangwani. Mwezi uliofuata kituo cha kusukuma mafuta kilifungwa, na kijana mmoja akafa baada ya kugongwa na gari la Walinzi wa Taifa. Tarehe 16 Juni 2017 yakatiwa saini makubaliano yaliyosuluhishwa na UGTT: ajira 1,500 katika kampuni za mafuta, ajira 3,000 katika kampuni ya mazingira, na dinari milioni 80 kila mwaka kwa mfuko wa maendeleo wa mkoa. Yasome makubaliano hayo kwa jicho la mtekelezaji. Visima vilivyokwisha kuchimbwa huhitaji watu wachache. Nafasi 1,500 zilitakiwa zitoke kwa kampuni ambazo hazikuwa mezani wala hazikuzihitaji. Nafasi 3,000 za mazingira zilikuwa za aina ileile ya Gafsa. Na mfuko ulihitaji miradi iliyokwisha kuandaliwa, nayo haikuwepo. Julai 2020 vali ya bomba la mafuta ilifungwa tena, ikafunguliwa Novemba baada ya makubaliano mengine juu ya yale ya kwanza. Ahadi isiyotaja nani atalipa, lini, kutoka kasma ipi, inahifadhi mgogoro kwa ajili ya serikali ijayo.

Kilele cha tabia hii kilikuwa sheria namba 38 ya Agosti 2020. Iliahidi ajira ya kipekee katika sekta ya umma kwa wahitimu waliokaa bila kazi miaka kumi au zaidi. Bunge liliipitisha wakati ajira za umma zikiwa zimebanwa na hazina ikiwa tupu. Haikupewa kanuni za utekelezaji. Novemba 2021 Rais Kais Saied, ambaye mwenyewe alikuwa ameitia saini, alitangaza kwamba haitekelezeki, na watu waliokuwa wamehesabu miaka yao kumi kama mkulima ahesabuye siku za mavuno wakarudi barabarani. Ubaya wa sheria ile unaanzia kabla haijavunjwa. Ilimpa thawabu anayekaa daftarini bila kuajiriwa rasmi. Mhitimu wa mwaka wa nane aliyepata kazi ya mkataba Sousse alikuwa na sababu ya kuikataa, au kuifanya bila kusajiliwa, ili asikatize hesabu.

Kwenye sekta binafsi majaribio yalikuwa ya busara zaidi, ila madogo. Mkataba wa Karama, yaani heshima, ulioanza 2017, uliweka mshahara wa dinari 600: serikali 400, mwajiri 200, kwa miaka miwili. Ruzuku kama hii hufanya kazi pale tu mwajiri anapolazimika kubaki na watu hao baada ya ruzuku kwisha, na pale anapozuiwa kuwaondoa wa zamani ili kuwapisha wa ruzuku. Bila hayo mawili serikali inalipia mzunguko: huyu anaingia, yule anatoka, idadi ileile. Sheria ya kampuni changa ya Aprili 2018 ilikuwa na kifungu ninachokipenda: mwajiriwa wa umma au wa binafsi anaweza kuchukua likizo ya mwaka mmoja, inayoweza kuongezwa, kwenda kuanzisha kampuni, na kazi yake inamsubiri. Mwenye kuanzisha anaweza pia kupata posho kwa mwaka mmoja. Ni sera nzuri, lakini humfikia mwandishi wa programu wa Tunis kabla ya kumfikia mtu yeyote wa Sidi Bouzid.

Mikataba ndiyo uwanja ambako sheria ilichelewa zaidi. Kanuni ya Kazi ya 1966, iliyorekebishwa 1996, iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa jumla ya miaka minne, pamoja na kuongezwa kwake. Baada ya hapo mfanyakazi huwa wa kudumu. Lengo lilikuwa kumlinda. Matokeo ni kwamba waajiri wengi waliwaachisha watu kabla mwaka wa nne haujakwisha, au waliwahamishia kwa wakala na kuwarudisha kwenye mashine ileile kwa jina jingine. Ukiweka ukuta kwenye mwaka wa nne bila mkaguzi wa kazi wa kuusimamia, umeweka tarehe ya kufukuzia watu. Sheria namba 9 ya Mei 2025 imegeuza mpango: mkataba wa kudumu ndio kawaida, wa muda maalumu unaruhusiwa kwa sababu zilizotajwa tu, kama kazi ya msimu, ongezeko la ghafla la kazi, au kumshikia nafasi aliyetoka kwa muda, na kukodisha wafanyakazi kupitia wakala kumepigwa marufuku. Kipindi cha majaribio ni miezi sita, kinaweza kurudiwa mara moja. Hapo penye miezi sita na mingine sita ndipo wakaguzi wanapaswa kutazama, maana mwajiri aliyezoea kuwazungusha watu kwa miaka minne atajaribu kuwazungusha kwa mmoja.

Turudi kwa mchuuzi. Amri-sheria ya Juni 2020 ilianzisha hadhi ya mjasiriamali binafsi: usajili mmoja, mchango mdogo unaounganisha kodi na hifadhi ya jamii, kitambulisho. Ilikuja karibu miaka kumi baada ya kifo cha Bouazizi, na utekelezaji wake ukacheleweshwa miaka mingine. Msomaji wa Dar es Salaam anayekumbuka vitambulisho vya machinga vya mwaka 2018 kwa shilingi 20,000 anajua kwamba kadi peke yake haitoshi. Mchuuzi anahitaji mahali pa kusimama panapotambuliwa na manispaa, na askari wa manispaa aliyeelekezwa kwamba mizani ya mtu haichukuliwi bila hati ya kukamata na njia ya kuirudisha.

Wanawake wa mashambani walisubiri zaidi. Hao ndio wanaovuna zeituni, nyanya na pilipili, wakibebwa alfajiri nyuma ya pikapu wamesimama, wamebanana, kwa nauli inayokatwa kwenye ujira wao wa siku. Aprili 2019, Sabbala, mkoani Sidi Bouzid, ajali moja iliua zaidi ya watu kumi, wengi wao wanawake. Juni mwaka huo ikapitishwa sheria ya kuunda leseni maalumu ya usafiri wa vibarua wa mashambani. Leseni ilitaka gari lenye viti na bima. Msafirishaji wa pikapu hana mtaji wa gari hilo, na nauli ya mwanamke anayelipwa kwa siku haiwezi kumrudishia gharama. Ajali zikaendelea. Oktoba 2024 ikaja amri-sheria ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wa kike wa kilimo. Itakayoamua ni namna mchango utakavyokusanywa kutoka kwa mtu anayefanya kazi kwa waajiri watano tofauti ndani ya wiki moja, kila mmoja akidai si mwajiri wake.

Kuna tukio moja linalonipa moyo, nalo halikutoka wizarani. Jemna ni oasisi kusini, mkoa wa Kebili. Shamba la mitende la huko lilichukuliwa na wakoloni wa Kifaransa, likabaki mikononi mwa serikali baada ya uhuru, na mwaka 2002 likakodishwa kwa wafanyabiashara wawili. Januari 2011 wakazi walilichukua, wakaunda jumuiya ya kulisimamia. Wafanyakazi waliokuwa wachache wakawa takriban 130. Mauzo ya tende yalilipa mishahara, na faida ikajenga soko la tende, madarasa, ikanunua gari la wagonjwa. Hesabu zilisomwa hadharani. Mwaka 2016 serikali ilipinga mnada wa mavuno na akaunti zikafungiwa, kwa sababu ardhi kisheria ni ya umma, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa: ukiruhusu kila mali ya umma ichukuliwe, anayeichukua kesho anaweza kuwa jambazi. Sheria ya uchumi wa kijamii na mshikamano ya Juni 2020 ilikusudiwa kutoa mwili wa kisheria kwa mashirika ya aina hii. Tofauti ya Jemna na kampuni za mazingira iko wazi kwa anayetaka kuiona: Jemna mshahara ulitoka kwenye tende, na kila mfanyakazi alijua mti upi haujachavushwa.

Misri ilikwenda njia nyingine, nami nitagusa mambo mawili tu. Vyama huru vya wafanyakazi vilivyochipuka wakati wa mapinduzi ya 2011 vilitakiwa na sheria namba 213 ya mwaka 2017 kujisajili upya ndani ya siku 60, kwa sharti la wanachama 150 katika sehemu moja ya kazi. Vingi vilikwama kwenye makaratasi. Mwaka 2019 idadi ikashushwa hadi 50. La pili ni fomu namba 6. Kwa miaka mingi, mfanyakazi wa sekta binafsi Misri alisainishwa barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe siku ileile anayoajiriwa, na fomu hiyo ya bima ya jamii ikajazwa siku bosi akimchoka. Sheria mpya ya kazi, namba 14 ya 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025, inataka barua ya kujiuzulu ithibitishwe na mamlaka ya kazi ndipo ihesabike. Kifungu kifupi, kisichohitaji bajeti, na huenda kikamlinda mfanyakazi kuliko ahadi nyingi za ajira mpya.

Wimbi la maandamano ya 2011 lilifika hadi Oman, na hapo linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwishoni mwa Februari 2011 vijana waliandamana Sohar, na Sultani Qaboos akaagiza nafasi 50,000 za kazi na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta ajira. Kima cha chini cha mshahara wa Muomani katika sekta binafsi kilipandishwa mwezi huo kutoka riali 140 hadi 200, na mwaka 2013 hadi 325. Waomani wengi waliacha kazi za kampuni kwenda kuomba za serikali, kwa hiyo kampuni zikawahitaji wageni zaidi, ingawa sera ilikusudia kinyume chake. Mei 2021 vijana walirudi barabarani, na Sultani Haitham akaagiza nafasi 32,000, zikiwemo za muda.

Kila baada ya shinikizo la namna hii, orodha ya fani zilizotengwa kwa Waomani peke yao hurefushwa: ukatibu, upokeaji wageni, uendeshaji wa magari fulani, usimamizi wa rasilimali watu na nyinginezo. Kibali cha kazi kikishindwa kuhuishwa kwa sababu fani imeingia kwenye orodha, mwajiri humwandikia mgeni fani nyingine kwenye kibali na kuendelea kumtumia kwa ileile ya zamani; mkaguzi akifika, anayeondolewa nchini ni mfanyakazi. Tangu Januari 2021 mgeni aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ridhaa ya wa kwanza, na wafanyakazi wa majumbani wana kanuni zao tofauti na sheria ya kazi ya jumla ya 2023. Kwa anayeondoka Mombasa, Unguja au Kampala, cha kukagua kabla ya kumlipa wakala hata senti moja ni vitu hivi: fani iliyoandikwa kwenye kibali, kama iko au haiko kwenye orodha ya sasa ya Wizara ya Kazi ya Oman, na kama inalingana neno kwa neno na ile iliyoandikwa kwenye mkataba alioutia saini.